Jogoo wa Kukomboa Sola

Kabla ya adhana ya alfajiri, kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji kimoja cha Handeni, kando ya njia iendayo Korogwe, ulisikika mlio mdogo: ta. Kisha tena: ta. Bi Mwaija alikuwa amesimama gizani, kidole kiko kwenye swichi ya ukutani, na taa haikuwaka. Jana haikuwaka, mwezi uliopita haikuwaka, na alijua leo pia haitawaka. Lakini mkono uliozoea hauna masikio. Kila alfajiri tangu afiwe na mumewe, mkono ulimtangulia ukutani kabla akili haijaamka.

Siku nyingine mkono huo uliteremka kwa unyonge. Leo uliteremka umekunja ngumi.

Eda yake ilikuwa imekwisha jana. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani kama dini inavyomtaka mjane akae. Hakwenda sokoni, hakwenda harusini, hakuvuka hata barabara. Watu waliokuja kumtazama walimwona ametulia, wakarudi kwao wakisema Bi Mwaija ana subira. Ni kweli alikuwa nayo. Ila subira ni kama chungu kilichofunikwa, apitaye nje haoni kinachochemka.

Na kilichochemka kilikuwa na jina. Kiliitwa Simeo.

Simeo alikuwa Msambaa wa milimani, Mkristo, aliyeteremka miaka mingi iliyopita kuuza kabichi na viazi Korogwe, akajenga Masuguru, palepale mjini. Alikuwa rafiki wa marehemu Mzee Ramadhan, mume wa Bi Mwaija, na zaidi ya urafiki alikuwa mtani wake, Msambaa kwa Mzigua. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Watu wakilia, yeye anacheka. Anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anadai kaburi limechimbwa dogo. Na anaweza kukamata kitu cha wafiwa, iwe sufuria, kiti au mbuzi, akaondoka nacho watu wakimtazama. Huo si wizi. Wafiwa humfuata na kitu cha kukombolea, mara nyingi kuku, naye anakirudisha. Watu wanakuwa wamecheka kidogo, na msiba umepungua uzito.

Siku ya kuondoa matanga ya Mzee Ramadhan, Simeo aliomba ngazi na spana, akapanda juu ya bati na kufungua sola. Alishuka nayo kichwani, taratibu, kama mama aliyebeba ungo wa mchele.

"Wazigua," aliwaambia watu waliokaa mkekani, "shambani hamvuni kitu, mnavuna jua tu. Sasa mavuno yenu nayakamata, nayapeleka kwetu kwenye baridi. Anayetaka jua anifuate na jogoo."

Watu walicheka mpaka waliokuwa wanalia wakasahau walipofikia. Bi Mwaija mwenyewe, kule ndani alikokuwa amejifunika kanga, alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mumewe afumbe macho, na moyoni alimshukuru yule mzee.

Palepale alimwita Sadala, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa na makazi yake Kwamndolwa, mjini Korogwe. Alimkabidhi jogoo wake mwekundu, yule aliyekatika kidole kimoja cha mguu. "Kesho ukirudi mjini mpitie yule mgosi wa Kisambaa. Mpe jogoo wake, sola irudi nyumbani."

Sadala aliondoka na jogoo. Siku chache baadaye akapiga simu, sauti ameishusha.

"Mama, yule mzee kabadilika. Jogoo kampokea, lakini sola anasema keshaiuza."

Bi Mwaija alishika simu mpaka ikajikata yenyewe.

Sola ile waliinunua mwaka ambao ufuta ulikubali. Fundi aliielekeza kaskazini, na kwa watu wa huku, kaskazini ndiyo kibla, hivyo Mzee Ramadhan alipenda kuwaambia wageni kwamba kwake hata bati linaswali. Alipanda mwenyewe kuifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Jua la Handeni walilijua kwa ubaya wake, linavyoyakunja majani ya mahindi ungali unayatazama. Kwa mara ya kwanza likawarudishia kitu. Na mwenye taa ana watu. Wanawake walikuja barazani jioni kusuka mikeka, watoto wakalala kifudifudi sakafuni na madaftari yao, simu za majirani zikapangwa mezani kuchajiwa. Bi Mwaija hakumtoza mtu, maana jua lenyewe hakulinunua. Sola ilipokwenda na giza likarudi, watu wale walibaki makwao, na hakuwalaumu. Nani anaweza kusuka ukili asiouona?

Ni Hafsa tu, jirani wa mlango wa pili, aliyeendelea kuja. Alimletea koroboi yake mwenyewe, akasema kwake ana mbili. Bi Mwaija alijua hana mbili.

Na sasa lilikuwapo jambo la Ijumaa. Ijumaa hii, keshokutwa, Sadala alikuwa anakuja na gari la mizigo kubeba kitanda cha mama yake, kabati na magunia mawili ya vyombo. Muda wote wa eda alikuwa akimwambia: "Mama, utakaaje peke yako kwenye giza? Kwangu kuna umeme. Eda ikiisha nakuja kukuchukua." Mwanzo alikataa. Baadaye alinyamaza. Mwisho, usiku mmoja aliojikwaa kwenye kinu akaanguka, alisema, "Haya, nitakuja." Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Simeo hakumchukulia sola peke yake. Alimchukulia na nyumba aliyoolewa ndani yake, na kaburi la mumewe lililo nyuma ya mhogo, na baraza lake.

Alikuwa na leo na kesho. Aliswali, akavaa, akatoka.

Hafsa alikuwa anafagia uwanja. "Shikamoo bibi. Ndiyo unakwenda?"

"Marahaba. Ndiyo nakwenda."

"Umekula?"

"Nimekula hasira."

Hafsa aliweka ufagio chini, akaingia ndani, akatoka na viazi vitamu vya moto kwenye kitambaa. "Hasira haishibishi. Ukimtukana mtu na njaa utasahau maneno katikati."

"Nimeyapanga eda nzima. Hata moja silisahau."

"Basi kula yakae vizuri," alisema Hafsa, akamfunga kile kitambaa pembeni ya kanga yake kama mtu anayemfunga mtoto.

Alipanda gari la Abdulaziz, kijana wa kijijini anayepeleka abiria mjini kwa Noah yake. Abdulaziz alimweka mbele, na walipofika Masuguru hakumshusha barabarani kama wengine. Aliingiza gari mpaka kona ya kwa Simeo, abiria wa nyuma wakinung'unika, akashuka yeye mwenyewe kumfungulia mlango.

Jua lilikuwa limeshapanda. Bi Mwaija alisimama kidogo akautazama mji. Kila nyumba imeezekwa bati, na kila bati linang'aa mpaka macho yanauma. Huku na kule ndiyo unaona sola moja, kama jino lililobaki kwenye kinywa cha mzee. Na umeme ulikuwa umekatika. Vinyozi walikaa nje ya vibanda wamekunja mikono, na mbele ya duka jenereta lilikuwa linanguruma, moshi unampata muuza vitumbua. Watu wanahangaika na mafuta huku chini, alijisemea, na moto umejaa juu ya vichwa vyao hawautaki. Nami niliyeutaka nimenyang'anywa. Hasira ikaongezeka kipimo.

Ikajaa kabisa alipoingia uwanjani kwa Simeo, kwa sababu kiumbe cha kwanza kumwona kilikuwa jogoo mwekundu, amenenepa, anatembea kwa maringo juu ya vidole pungufu.

Simeo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anashona tenga la kubebea nyanya. Mkewe, Loyce, alikuwa anachambua viazi.

"Loyce, funika maharage," alisema Simeo bila kusimama. "Mzigua kaingia, na njaa ya kwao tunaijua."

"Simeo, wewe ni mwizi."

"Nimeanza zamani. Hata huyu mke nilimwiba."

"Wewe ni mwizi wa wafiwa. Hata fisi anangoja watu waondoke makaburini."

"Fisi ana haraka gani kwa Wazigua? Nyama iko wapi pale?" Simeo alijishika ubavu kwa kicheko. "Huyu leo kaja kamili. Eda imemnoa."

"Usinichekee."

"Nitaachaje kucheka, na Mzigua kavaa viatu?"

Bi Mwaija alilitoa tusi lake la mwisho, lile alilolitunza kuliko yote, lililomgusa Simeo na mama yake aliyemzaa. Simeo alilipokea kama salamu. Alipiga goti, akasema, "Umemkumbuka na mama. Ahsante sana, mtani."

Hapo ndipo Bi Mwaija alipoona ubaya wa jambo lake. Mtu mwingine ukimtukana anaumia. Mtani ukimtukana anakuona mtu mwema. Hasira yake yote, iliyolelewa gizani kama mtoto, imefika kwa mwenyewe na haikuti mlango. Alikaa juu ya gunia la viazi, na midomo yake ikaanza kutetemeka.

Loyce ndiye aliyeona. "Simeo, nyamaza. Mwenzio hatanii."

Alinyanyuka akachota maji mtungini. Alichuchumaa akamshikia kikombe mpaka akamaliza, kisha akamvua viatu vile vilivyochekwa akavipanga pembeni kivulini.

"Jogoo wangu yule pale," alisema Bi Mwaija. "Umempokea. Na sola yangu umeiuza. Eda yote nimekaa gizani, Simeo, na keshokutwa ninahamishwa kwenye nyumba ya Ramadhan kwa sababu yako. Nieleze tu, alikukosea nini?"

Kicheko kilimtoka Simeo usoni kama maji yanayoingia mchangani. "Nani kauza sola ya Ramadhan?"

"Wewe."

"Aliyekuambia ni nani?"

"Mwanangu."

Simeo aliweka tenga chini. Alisema polepole. "Sadala alikuja hapa kesho yake baada ya matanga, jogoo kwapani. Jogoo nilimpokea, na sola nikampa mlangoni pale, haikulala hata usiku wa pili. Loyce hakutaka kumchinja, akasema jogoo wa marehemu atakuwa mbegu."

"Na sola niliifunga mimi kwa kanga, isipasuke kwenye pikipiki," alisema Loyce. "Kanga yangu ya zambarau. Haikurudi, nikasema basi, ni msiba, niache."

"Mwanangu hawezi kunifanyia hivyo."

"Basi mmoja wetu ni mwongo," alisema Simeo, na alikuwa ameshaanza kuvaa viatu. "Na leo mimi sitaki utani. Miaka yote nimekamata vitu vya wafiwa na hakuna aliyewahi kupoteza kitu chake. Twende Kwamndolwa."

Loyce alijifunga kanga akafuata. Walitembea wote watatu bila neno, na watu waliozoea kumsikia Simeo kabla hawajamwona walishangaa kumwona bila kumsikia.

Nyumba ya Sadala ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati jekundu, pana, halina kitu juu yake ila jua. Mkewe Rukaya alikuwa jikoni anapangusa sakafu, maana umeme ulikatika tangu jana na friji lilikuwa linatiririka. Samaki aliowaweka walikuwa wameanza kunuka. Aliinuka haraka alipowaona.

"Shikamoo mama. Mbona hukusema unakuja, tungekufuata."

"Marahaba, mwanangu. Rukaya, sola yangu iko wapi?"

Rukaya alitazama kitambaa alichokishika. Angeweza kusema hajui. Bi Mwaija aliona kwamba lile neno lilifika mdomoni na Rukaya akalimeza. Alijipangusa mikono, akachukua ufunguo uliotundikwa nyuma ya mlango, akawatangulia stoo. Alisogeza mifuko ya saruji mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya mifuko hiyo, imegeuziwa uso ukutani, ilisimama sola, imefungwa kwenye kanga ya zambarau.

Loyce aliitambua kanga yake.

"Nilimwambia, mama," alisema Rukaya, machozi yanamtoka. "Nilimwambia tangu siku ile. Akasema mama akishahama ndiyo tutaitoa, vinginevyo hatahama."

Bi Mwaija alifungua kanga. Kioo kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo. Mtu alikuwa ameweka kipande cha godoro chini yake ili unyevu wa sakafu usiingie, na alijua si Sadala aliyefikiria godoro. Alimshika mkwewe bega. "Wewe umeitunza," alisema. Halafu akakaa kwenye mfuko wa saruji kumngoja mwanawe.

Sadala alifika mchana kwa pikipiki, shati jeupe limechomekewa. Aliwaona watatu uwanjani, akaiona na sola imeegemezwa ukutani juani, akazima pikipiki kabla haijasimama vizuri.

"Shikamoo mama."

Bi Mwaija hakuitikia.

Katika maisha yake yote Sadala hakuwahi kutoa shikamoo kwa mama yake ikabaki hewani. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyenyoosha mkono akaachwa nao.

"Mama, nilitaka tu uje tukae wote," alisema mwisho. "Baba alianguka shambani peke yake, akaja kuokotwa jioni. Mimi silali. Simu ikilia usiku najua ni habari yako."

"Ungeniambia hivyo."

"Nilikuambia kabla hata matanga hayajaondolewa. Ukasema una nyumba yako na taa yako."

"Kwa hiyo ukanizimia."

Sadala alitazama chini. Kisha, kama mtu anayetafuta pa kushika, akasema, "Na kwa mila, kitu ni cha aliyekikomboa. Mimi ndiye nilikwenda kukomboa."

"Kwa jogoo wa nani?"

Sadala aligeuza ufunguo wa pikipiki mkononi.

"Nimekuzaa mimi, Sadala, sikujua kama nina mtoto wa kunifungia jua stoo," alisema Bi Mwaija. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo Rukaya aliona afadhali angepaza. "Umeona niligonga goti kwenye kinu? Ulikuwa unajua. Nilikusimulia kwenye simu, ukasema pole mama, na sola iko nyuma ya mgongo wako. Hilo nalo niliache. Lakini umenifanya nimchukie mtu aliyenichekesha siku ya msiba wa baba yako. Kila usiku nilimwombea Simeo mabaya. Nilimwombea kwa Mungu, kwenye mswala. Nitayarudishaje maombi yale?"

Sadala alilia, mwanamume mzima mwenye watoto. Bi Mwaija alimtazama na hakumfuta machozi, ingawa mkono uliinuka kidogo ukarudi.

Simeo alikohoa. "Mimi na mtoto wa mtani wangu hatuna ugomvi," alisema. "Tuna faini. Umeniita mwizi mpaka Handeni, mjomba. Faini yangu si jogoo, jogoo ninaye. Utaibeba hii sola kichwani kama nilivyoibeba mimi, kwa miguu, mpaka kwenye gari. Na atakayekuuliza, umwambie ni ya nani. Kisha utapanda bati la mama yako uifunge kwa mikono yako, mimi nimekaa chini nakusema."

"Mzee Simeo, nina kazi mchana huu."

"Hata mimi nilikuwa nina tenga."

Hivyo Sadala aliinama kuichukua. Bi Mwaija aliona ukingo wa chuma utakavyomkata kichwani. Bila kumtazama usoni alivua kanga yake ya juu, akaikunja ngata, akamwekea.

"Mimi sikupewa ngata," alisema Simeo.

"Wewe una kichwa cha milimani," alijibu Bi Mwaija, na lilimtoka kabla hajajua kwamba ametania.

Walipita katikati ya mitaa, Sadala mbele, jasho linachora shati. Kinyozi mmoja aliyekaa nje alimwita, "Kaka Sadala, unaiuza hiyo? Nipe mimi, tangu jana nimenyoa kichwa nusu, mwenyewe kakimbia na kofia."

"Si yangu. Ni ya mama."

"Sasa mama ana sola, wewe una nini?"

Sadala alitazama mbele. Kwa muuza mkaa aliulizwa tena, na kwa fundi cherehani, na kila mara alijibu hivyo hivyo, na kila mara sauti ilikuwa ndogo zaidi. Bi Mwaija alitembea nyuma yake. Alikuwa amedhani atafurahi. Alitazama shingo ya mwanawe ilivyokakamaa, na hasira ikakaa palepale ilipokuwa, ila sasa ilikuwa nzito kuibeba.

Loyce alirudi kwenye viazi vyake, na Abdulaziz akawapeleka waliobaki, sola imelala juu ya gari ndani ya kanga ya zambarau, Simeo akiipigapiga kupitia dirishani kuhakikisha ipo. Kijijini Hafsa alileta ngazi hata kabla hajaombwa. Sadala alipanda. Jua la alasiri lilikuwa bado na meno, na bati lilimchoma magoti kupitia suruali. Simeo alikaa chini kwenye mkeka.

"Si huko, huko unaelekeza Morogoro. Geuza kibla. Baba yako alikuwa Mzigua lakini angalau alijua Mungu yuko upande gani."

Sadala alifunga nati, akashusha waya, akaingia chumbani kuunganisha na betri iliyokuwa chini ya kitanda. Kile kisanduku kidogo cha kugawia moto kiliwasha alama nyekundu, kikazima. Alijaribu tena. Aliguna. Alitoka mlangoni anapangusa mikono.

"Betri imekufa, mama. Ikikaa muda mrefu bila chaji huwa inakufa." Akasita, na Bi Mwaija aliona kitu kidogo kikirudi machoni pake, kitu kama tumaini. "Sasa labda, kwa sasa hivi tu, mpaka tupate nyingine, si uje tukae wote Korogwe. Gari la Ijumaa nilishaliagiza."

Hafsa alisimama na ngazi mikononi.

"Umeiua wewe," alisema Bi Mwaija. "Umeiua halafu unaniletea msiba wake uwe sababu. Sikiliza vizuri, Sadala, maana sitasema mara mbili. Nilikubali kuhama kwa sababu niliambiwa sina jua. Jua ninalo, liko pale juu, na wewe ndiye umelipandisha. Betri ikiwapo nitawasha, isipokuwapo nitalala na koroboi ya Hafsa. Nikianguka, nimeanguka kwangu. Ijumaa hilo gari lisije. Likija litarudi tupu, na wewe utakuwa ndani yake."

Sadala alitazama nyumba, na bati, na mhogo, na nyuma ya mhogo. "Halitakuja," alisema.

Hafsa alipakua ugali na mlenda, wakala. Simeo alikula kwa watu wawili huku akilalamika kwamba chakula cha Kizigua kinateleza kabla hakijaonwa utamu. Bi Mwaija alimwongezea bila kuombwa, akamfungia na mfuko wa choroko za kumpelekea Loyce, ile kanga ya zambarau akaikunja juu yake. Yale maombi ya usiku hakuyataja tena, ila alipomkabidhi mfuko aliushika kidogo kabla ya kuuachia, na Simeo, aliyekuwa na mzaha wa kila kitu, hilo hakulifanyia mzaha.

Abdulaziz alipiga honi. Jua lilikuwa limeinama. Simeo alitangulia garini. Sadala alibaki mlangoni, mikono michafu, shati si jeupe tena.

"Mama, umenisamehe?"

"Bado."

"Nikuombe vipi?"

"Usiniombe leo. Hii hasira niliilea kwa ajili ya mtu asiye wake. Ndiyo kwanza imempata mwenyewe, haitatoka kwa siku moja."

Alitikisa kichwa kukubali. Alipiga hatua mbili kuelekea garini, akageuka. "Betri nitaileta mwenyewe Jumamosi."

"Betri mpe Abdulaziz, hupita hapa kila siku," alisema Bi Mwaija. Alikuwa ameshikilia fremu ya mlango, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama mwanawe usoni. "Wewe uje tena Jumapili. Uje na Rukaya na watoto, mkae hapo barazani mpaka jioni. Kama huna la kusema, nyamaza tu. Uje kunitembelea, baba."